Nyuma ya Mkia wa Pantoni

Juzi nilivuka daraja kwenda kumzika Perusi. Nilivuka na gari langu mwenyewe, la kwanza la aina yake kuonekana pale Pasiansi, na kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha nilikuwa tayari ng'ambo, upande wa Busisi. Dereva wangu alikuwa anasifia nguzo, anasifia taa, anasema nchi imefika mbali. Mimi nilikuwa nimegeuza shingo natazama maji. Kutoka kule juu ghuba ilionekana ndogo, kama kitu cha kuruka tu, na nilikuwa natafuta mahali fulani katikati yake, mahali ambapo hapana alama yoyote. Nilimwambia dereva apunguze mwendo. Akasema, "Bosi, hapa hatusimami." Kweli, darajani hakuna kusimama. Tukapita.

Wanaonifahamu mjini wananifahamu kwa maji. Ukitaka kupanda boti, kayaki, pikipiki ya maji, au kukaa tu juu ya tyubu la lori ukaelea na soda yako mkononi, unakuja kwangu. Nilianza na matyubu machache yenye viraka niliyoyaokota kwa mafundi wa matairi Mabatini, nikiyakodisha siku za Pasaka na Krismasi kwa watu wa mjini wanaotamani ziwa na hawajui hata kupiga mguu. Shule niliiacha darasa la nne. Leo watu wenye vyeti vya kujaza ukuta wananiamkia kabla hawajakaa, na tangi langu la maji, lile refu lililoandikwa MADUHU kwa rangi nyekundu, wavuvi wanaliona kabla hawajaiona nchi kavu. Hayo yote nimeyafanya kwa mikono hii. Wageni wakiniuliza kuogelea nilijifunza wapi, huwa nawajibu kwamba nimezaliwa majini, wanacheka, tunaendelea. Jibu kamili ni refu na halifai kwa mtu aliyelipia saa moja ya boti. Nilijifunza nyuma ya ng'ombe.

Ulikuwa mwaka ule magugu maji yalipoanza kuziba ghuba, nami nina kama miaka kumi na saba. Habari za wazazi wangu na nilivyofika pale naziacha, zina mahali pake. Itoshe kusema nilikuwa nachunga ng'ombe wa watu katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, chini ya Usagara, na nililala chumba kimoja na ndama. Chumba kilikuwa na joto zuri. Mpaka leo nikilala kwenye hoteli yenye kiyoyozi nakosa usingizi, natamani kusikia kitu kikubwa kinapumua gizani. Kiangazi kikikaza, majani yalibaki upande wa pili wa ghuba ndogo, kwenye ulimi wa nchi ulioingia ziwani, na njia fupi ilikuwa majini. Asubuhi tunawaingiza ng'ombe ziwani, jioni tunawarudisha, na kila mchungaji anashika mkia wa ng'ombe wake. Wangu alikuwa maksai mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Jina lake la Kisukuma lilisahaulika, tukamwita Pantoni, kwa vile alivusha watu. Mtoto wa mfugaji akijifunza maji namna hiyo anajifunza vizuri sana, ana mapafu, ana miguu, haogopi kina. Ila macho yake yanajifunza kitu kimoja tu: mkia uko wapi.

Pale kijijini wanaume walioga upande mmoja wa mawe makubwa na wanawake upande mwingine, na kijana aliyepanda juu ya mawe kuchungulia alichapwa na mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata asiye ndugu yake. Kwa hiyo siku niliyoona kichwa kinatoka upande wa wanawake, kinaizunguka ncha ya mawe na kuja kwenye maji mazito, yale ya kina kirefu, tulipokuwa tunapita na mifugo, nilidhani ni fisi maji. Kikaja mpaka ubavuni mwa Pantoni. Kilikuwa na meno, kinacheka.

"Wewe Msukuma," akasema, "hapo anayeogelea ni ng'ombe. Wewe umebebwa kama kupe."

Nikamjibu kwamba nikitaka naachia. Akasema, "Achia basi." Nikaachia, nikapiga mikono, nikafika nchi kavu karibu sawa na Pantoni, nikatoka kifua mbele. Yeye alikuwa amebaki majini mpaka shingoni, kwa heshima ya mahali. Akasema kwa upole uliouma kuliko kicheko, "Lakini bado ulikuwa unamfuata." Ndivyo nilivyomjua Perusi. Ulimi wangu ulimwita Pelusi, na hakuwahi kunirekebisha. Alikuwa Mjita, ametoka upande wa Musoma, amekuja kukaa kwa shangazi yake aliyekausha samaki kijijini pale, mama mmoja Msabato tuliyemwita Mama Mafuru.

Jiko la Mama Mafuru ndilo chumba ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyowahi kuingia, na nimeingia vyumba vya watu wazito. Lilikuwa jeusi kwa moshi mpaka kuta zinang'aa. Samaki walipangwa juu ya chanja, mafuta yao yanadondoka na kulia kwenye makaa, na ukitoka mle hata mbwa wa njiani wanakufuata. Nilipeleka maziwa kila jioni kutoka kwa mwenye ng'ombe. Nasema shikamoo mama, anaitikia marahaba bila kugeuka, kisha ananiwekea ugali wa muhogo na furu wa kukausha waliochemshwa na nyanya, wale samaki wadogo ambao sangara walikuwa wameshawamaliza na sasa mtu akiwapata anaita majirani. Nilikula mlangoni. Perusi alikaa ndani, mgongo ukutani, akichambua dagaa. Wakubwa walizungumza kana kwamba sisi ni vyungu. Hapo ndipo niliposikia kwamba yuko mtu Busisi, mwenye mtumbwi na mashine yake, na kwamba ng'ombe wa mahari wameshakubaliwa, kilichobaki ni msimu. Mama Mafuru alimsifia yule bwana kwamba hanywi na hapigi kelele. Mgeni mmoja akauliza binti mwenyewe anasemaje. Mama Mafuru akasema, "Binti anachambua dagaa." Wakacheka wote, na Perusi pia akacheka, mikono haikusimama.

Siku chache baadaye, tukiwa kwenye ncha ya mawe, mimi upande wangu na yeye majini upande wake, aliniambia anachotaka. Hakusema hataki kuolewa. Mpaka leo watu nikiwasimulia wanarukia hapo, wanadhani alitaka kutoroka. Hapana. Alisema, "Watanipeleka kule na pantoni, nimefunikwa khanga, nimekalia godoro. Mimi nataka nifike kule kwa mikono yangu kwanza. Nikishagusa mawe ya Busisi nitarudi, halafu wanipeleke wanavyotaka." Na alitaka twende wawili, kwa sababu kule kwao mtu haingii maji mapana peke yake, na katika kijiji kizima aliyekuwa na mapafu ya safari ile nilikuwa mimi. Hilo alilisema mwenyewe. Sijaongeza.

Tukaanza kujiandaa. Kina baba wa kwao, alisema, hawamfundishi mtoto kupiga mikono, mikono inajifunza yenyewe. Wanamtoa kwenye mtumbwi wanamwambia chagua jiwe la nchi kavu, kisha chagua mti ulio nyuma ya jiwe hilo. Uende huku ukivitazama vyote viwili. Mti ukikaa juu ya jiwe, umenyooka. Vikiachana, umepotea, geuka mpaka vikutane tena. Wavuvi wanarudia nyavu zao kwa namna hiyo hiyo. Ni jambo la kueleweka na mtoto mdogo, na mimi nililielewa mara moja, nikalieleza hata kwa wenzangu kana kwamba nimelibuni mimi. Lakini nikiingia majini kichwa kinashuka, macho yanatafuta mkia. Perusi akiwa mbele nilimfuata bila shida, nikiona visigino vyake viwili vyeupe vinafunguka na kufunga. Nikiwekwa mbele nilipinda. Yeye alisema nitazoea. Mimi nilisema nimeshazoea.

Mama Mafuru alipokwenda Musoma kwenye msiba, tukaona ndiyo nafasi. Tuliingia asubuhi ziwa bado limelala, maana kila mtu wa pale anajua mchana upepo unaamka. Alivaa kaptula ya kaka yake, khanga kaifunga kifuani kwa fundo la mgongoni, na mfukoni ametia michembe kwenye mfuko wa nailoni, viazi vyetu vile vya kukausha, ya kula tukifika. Mpango ulikuwa wake: atangulie yeye mpaka katikati, mimi nitangulie kutoka pale hadi Busisi, kwa sababu anayetangulia ndiye anayeinua kichwa kila mara kutafuta alama, na shingo yake inachoka kabla ya mikono. Anayefuata anapumzika. Nusu ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nimekuwa na siku nyingi nzuri tangu hapo, nimefungua biashara, nimemwoza binti yangu kwa sherehe ambayo Ilemela bado wanaizungumza, lakini ukiniuliza mwili wangu ulikuwa na furaha lini kuliko zote, ni pale, visigino viwili mbele yangu na ziwa zima limetuachia njia.

Katikati ya ghuba hakuna harufu ya moshi wala sauti ya jogoo. Pande zote mbili ziko mbali sawa, na maji ya miguuni ni baridi kuliko ya kifuani. Perusi akasimama kwa kupiga miguu, akageuka. "Haya, sasa wewe," akasema. "Jiwe lile lenye mavi ya ndege, na mti wake." Nikapita mbele. Mbele hapakuwa na kitu. Nilivuta mikono kwa nguvu zangu zote, na nguvu nilikuwa nazo, nikisikia nyuma yangu pumzi zake zimetulia. Kisha sauti yake ikatokea ubavuni, mahali ambapo haikupaswa kuwa.

"Maduhu, unazunguka."

Nikanyoosha. Nikatazama jiwe, nikatazama mti, nikashusha kichwa, nikavuta. Akaniita tena kwa maneno yale yale, na safari hii alikuwa mbele yangu na Busisi ilikuwa nyuma yake. Wakati huo kipande kikubwa cha magugu maji kilikuwa kinashuka kutoka kaskazini, kipana kama uwanja wa mpira, yangeyange wamesimama juu yake kama abiria. Kilikuwa kinaifunga njia, lakini taratibu, na upande wa kushoto palikuwa bado na mlango. Mtu anayekwenda moja kwa moja angepita. Nilimwona Perusi anatazama ule mlango. Ndiyo mara pekee niliyoiona sura yake ndani ya maji kwa muda mrefu, siku zote nilijua miguu yake tu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nyusi na hakuyafuta. Alipima mlango, akanipima mimi. Peke yake angefika, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Na mimi nikiachwa pale ningezunguka mpaka niishiwe.

"Basi," akasema. "Nifuate."

Akageukia tulikotoka. Nilifuata visigino vyake mpaka nchi kavu, sikupinda hata kidogo. Tulikaa kwenye mawe, yeye upande wake na mimi upande wangu, akanirushia nusu ya michembe juu ya jiwe. Ilikuwa imelowa. Ile michembe ilikuwa ya kuliwa Busisi. Akasema tutarudia siku ya hali nzuri, na alivyosema nilimwamini. Lakini abiria wa pantoni walikuwa wameona vichwa viwili katikati ya maji, na habari ilimfikia Mama Mafuru kabla hajafungua mzigo wake. Hakunipiga. Nilipokuja na maziwa aliyapokea, akaniambia pale pale mlangoni, "Mtoto wa watu ameshaahidiwa ng'ombe, wewe unampeleka kwa mamba?" Tangu siku hiyo maziwa yalipelekwa na mtu mwingine. Ng'ombe wa mahari walipokuja kutoka ng'ambo, mimi ndiye niliyetumwa gatini kuwapokea, kwa sababu hakuna aliyejua kuwashusha ng'ombe kwenye pantoni kama mimi. Walikuwa wazuri. Na siku ya kumpeleka, alipanda kama alivyosema atapanda, khanga, godoro na yote. Wanawake waliimba. Perusi alikuwa amekaa uso mbele, ametazama ng'ambo, na nilijua anatazama jiwe na mti, anaangalia kama yule nahodha amenyooka.

Mimi nikaenda mjini. Yaliyofuata mnayajua, na asiyejua aje Pasiansi aone. Kivuko nilikipanda mara nyingi kwa shughuli zangu, na miaka mingi ikapita kabla sijakutana naye. Nilikuwa nimeshanunua boti ya pili. Alikuwa amesimama kwenye kingo za kivuko na ndoo ya nyanya miguuni, amenenepa vizuri, na aliponiona akasema, "Maduhu wa Pantoni. Umekuwa mtu mkubwa." Bwana wake alikuwa mzima, watoto wazima, alishukuru Mungu. Nikamweleza habari zangu. Nikamweleza injini niliyoagiza, nguvu yake, inavyokula mafuta kidogo, nilivyowashinda wenzangu waliotaka eneo lile la ufukwe, nilivyokata miti yote ili watu waone ziwa toka barabarani. Alisikiliza, mkono kwenye chuma, macho majini. Kivuko kilipofika mahali fulani akasema, "Ni hapa." Nikamuuliza hapa nini. Akanitazama kidogo, akasema, "Hapana. Endelea, injini ilikuwaje?" Nikaendelea. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshafika Sengerema mjini, nakula wali kwenye hoteli, na kijiko kikabaki hewani. Ghuba ile nilitamani kuivuka naye, na nilipoivuka naye, ng'ambo hadi ng'ambo, nilikuwa naongea habari za injini. Sikumwona tena.

Msibani walinipa kiti cha mbele, chini ya turubai, pamoja na viongozi. Nilichangia, na waliotangaza michango walilisoma jina langu kwanza. Baada ya kuzika, tukiwa tunakula, alikuja binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye watoto wake. Alipiga goti kidogo, akaniamkia, akauliza kama mimi ndiye mzee wa Pantoni. Nikasema ndimi. Akakaa kwenye mkeka. Alisema mama yao alikuwa akiwasimulia habari za yule ng'ombe mwenye pembe moja iliyopinda, na kwamba kila walipovuka aliwaambia, mimi hapa nimefika kwa mikono yangu, mimi nilifika katikati. Walipompitisha darajani mara ya kwanza hakufurahi kama walivyotegemea. Alisema sasa hakuna atakayejua katikati ni wapi.

"Alituambia magugu maji ndiyo yaliyowarudisha," akasema binti. "Mwaka ule yalikuwa mengi kweli?"

Nyama ilikuwa mdomoni. Nilimtazama, alikuwa na nyusi za mama yake. Miaka yote ile, na mbele ya watoto wake mwenyewe ambao hawakunijua, alikuwa ameyapa magugu maji lawama. Nikamwambia, ndiyo, mwanangu, yalikuwa mengi sana mwaka ule.

Jana asubuhi nilishuka ufukweni kwangu kabla ya wateja. Wafanyakazi wangu hawajawahi kuniona nikiingia majini. Bosi anasimama kavu, anaelekeza. Nilivua shati, nikaingia na kaptula. Maji yalinipokea vizuri kuliko nilivyodhani, na mapafu bado ninayo, kwa umri huu na tumbo hili ninawashinda vijana wengi. Nilikwenda mpaka maji mazito, nikageuka, nikatafuta alama za kurudia. Jiwe lipo, lile la mbele ya baa. Mti nyuma yake haupo, miti nilishaikata yote. Nikachukua tangi. Jiwe, na juu yake tangi langu, MADUHU kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka na mtu yeyote. Nikashusha kichwa, nikavuta. Nilipoinua, tangi lilikuwa limehama. Nikageuka mpaka likakaa juu ya jiwe, nikavuta tena, likahama tena.

Kulwa, mwokoaji wangu, mwanaume mwenye familia na mtu wa maneno machache, alikuwa ameshusha kayaki bila kuitwa. Akaja taratibu mpaka ubavuni.

"Bosi," akasema, "unazunguka."

Nikashusha kichwa tena. Akadhani nimekasirika, akapita mbele, akaanza kupiga kasia kuelekea nchi kavu, polepole, akinisubiri. Na mikono yangu ikanyooka yenyewe. Nilifuata mkia wa ile kayaki sawasawa, pigo kwa pigo, mpaka magoti yakagusa mchanga. Alinipa mkono kunisimamisha, akasema kwa mshangao wa kweli kwamba hakujua mimi ni muogeleaji wa namna ile, kwamba wengi aliowahi kuwaona hawanyooki vile. Sifa huwa nazipokea kutoka kwa mtu yeyote, hata kwa mlevi. Ile sikuipokea.